Fantasia ya mjini yenye miungu na viumbe wa kila taifa: pwani yetu ilishawapangia vyumba zamani

Mwanamaji wa Kilindini (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni akishatulia.

Kuna aina ya riwaya ninayoipenda kupita zote. Mji ni wa leo, una foleni na simu za mkononi, lakini ndani yake wamo miungu na viumbe wa kila pembe ya dunia. Thor, mungu wa radi wa Skandinavia, amepanga chumba ghorofa ya tatu, mbweha wa Kijapani mwenye mikia tisa ana baa, Anubis, mungu wa maiti wa Misri ya kale, anauza majeneza upande wa pili wa barabara. Nitaiita fantasia ya mjini. Nimezisoma nyingi za Kiingereza, na huu ni mwaka wa tatu naandika ya kwangu kwa Kiswahili. Mji wake ni Mombasa.

Katika nyingi nilizosoma kuna swali moja linaloachwa bila jibu: huyu amefikaje hapa? Mbweha wa Kijapani yuko London kwa sababu mwandishi anampenda mbweha wa Kijapani, basi. Hakuna aliyemleta, hakuna anayemlisha, hana hata neno moja la kwao. Ukimtoa ukaweka zimwi la Kirusi mahali pake, hadithi haitikisiki.

Bibi yangu mzaa mama alikaa Ng'ambo, Unguja. Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi mama mmoja aliyekuwa kiti cha kibuki, yaani mtu anayepandwa na pepo wa kabila hilo. Nilikuwa na miaka tisa nilipopenya katikati ya miguu ya watu wazima nikaiona ngoma yake. Mama yule nilimjua: mpole, haikosi swala, pombe hata harufu haijui. Pepo alipompanda akabadilika sauti, akasema maneno nisiyoyaelewa, akaletewa brandi akainywa mbele ya watu na hakuna aliyeshangaa. Nilimuuliza bibi usiku ule. Akanijibu kwamba aliyekunywa si jirani yetu, ni mgeni wake, anatoka Bukini (ndivyo wazee walivyoiita Madagaska), ni Mkristo na kwao brandi ni kinywaji cha heshima.

Kisha akanieleza wengine. Ruhani ni wa Uarabuni, Mwislamu, anataka udi, marashi na usafi. Pepo wa Kihabeshia wametoka Uhabeshi, nao ni Wakristo. Rubamba ni wa Pemba, hana dini ya kitabu. Pepo akipanda, fundi humuuliza kabila lake, jina lake na anachotaka, kama anavyoulizwa mgeni yeyote aliyebisha hodi usiku. Kila kabila lina ngoma yake, nguo zake na vitu vyake vya kuwekewa kwenye chano.

Wakuu, tafakarini hilo. Katika mtaa mmoja, Madagaska, Uhabeshi, Uarabuni na Pemba walikuwa wakikutana vichwani mwa wanawake waliouza vitumbua asubuhi. Na ukiangalia makabila hayo ya pepo, ndiyo ramani ya safari za bahari yetu: majahazi, watumwa, masuria wa Kihabeshi katika majumba ya wakubwa, wafanyabiashara wa Ngazija na Bukini. Watu walikuja, na pepo wao wakaja nao.

Dunia nzima iko hivyo ukichunguza. Wajapani wana miungu saba ya bahati, huchorwa wamepanda jahazi moja. Kati ya saba hao, Ebisu peke yake ndiye mwenyeji wa Japani. Benzaiten ni Saraswati wa Wahindi, Daikokuten chimbuko lake ni Mahakala, wote wakifika kwa njia ya Ubudha kupitia China. Na Kuba, Wayoruba waliopelekwa utumwani walimhifadhi Changó, mungu wao wa radi, nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Barbara, na Yemayá, mwenye bahari, nyuma ya Bikira wa Regla, ambaye ni mweusi. Regla iko ng'ambo ya bandari ya Havana na watu huvuka maji kwa boti kwenda kumzuru. Mimi niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilikuwa ndani ya feri ya Likoni. Nilifunga simu nikayatazama maji mpaka tukafika.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: kila kiumbe katika riwaya awe na mtu aliyemleta na kitu anachodai. Hadi sasa ninao mwanamke wa Voi mwenye kibuki, Seyyid Baghali wa Mackinnon Road anayetembea usiku na karai lake, Mamba Muntu, mwanamke wa maji, aliyefika na lori la shaba kutoka Lubumbashi, na kigango cha Kigiriama, nguzo ya mbao iliyochongwa kwa ajili ya marehemu, kinachotembea mjini kikiwatafuta walioking'oa. Wote wanapigania feri ya Likoni.

Nipigeni msasa bila huruma. Huu ni mchanganyiko au ni vurugu?

Binti Ngamiani

Mleta uzi, nimeweka kambi hapa. Hilo la chano limenigusa. Mama yangu mkubwa alikuwa na chano chake hapa Tanga, na nilichokikumbuka niliposoma maneno yako ni hofu ya deni. Pepo alikuwa ameahidiwa ngoma ya siku saba, fedha zikakosekana, mwaka ukapita. Nyumba nzima tuliishi kama watu waliokopa. Mama mkubwa akikohoa tu, tunatazamana.

Hayo ndiyo ninayotaka kuyasoma. Vita vya miungu kurushiana radi juu ya maghorofa nimeshaviona vya kutosha, na feri yako inanukia vita hivyo hivyo. Kwa nini waipiganie? Pepo wa pwani hapigani na pepo mwenzake kuhusu eneo, anamdai mtu. Mtu mmoja anaweza kuwa na ruhani na kibuki kichwani, mmoja hataki hata harufu ya kileo na mwingine anakitaka. Kazi ya mganga ni kuwapatanisha, kuwapangia siku. Andika mapatano hayo, kaka. Mapatano yana hatari kubwa kuliko radi.

Ustadh wa Makunduchi

Nimesoma kwa makini na nasema kwa nia njema. Umeandika neno "miungu" mara nyingi. Sisi watu wa pwani, hata huyo bibi yako aliyekueleza habari za kibuki, hakuwahi kuwaita hao miungu. Mungu ni Mmoja. Hao ni majini na mashetani, ni viumbe. Ukiandika riwaya ambamo Allah hayupo na badala yake kuna kundi la miungu wanaogombea mji, utakuwa umeandika mji ambao si Mombasa. Sikuzuii kuandika. Nakukumbusha kwamba kalamu nayo itaulizwa.

Mwanamaji wa Kilindini (mleta uzi)

Ustadh, sina cha kukupinga, na umenifungulia mlango ambao nimeugonga miaka mitatu.

Neno hilo nilibeba kutoka kwenye vitabu nilivyosoma. Riwaya za Kizungu za aina hii zina imani moja chini yake: mungu huishi kwa kuaminiwa, akisahaulika anakufa. Kwa hiyo miungu wote ni wagombea, wanatafuta wafuasi kama wanasiasa. Kwetu sivyo. Kiti cha kibuki anaswali swala tano na imani yake haijapungua. Pepo hadai aaminiwe, anadai haki yake: ngoma, nguo, kinywaji, adabu. Ukisema humwamini, haimsumbui, atakuumiza mgongo vilevile.

Nafuta neno "miungu" kwa wote wa pwani. Litabaki pale tu ambapo wenyewe wanalitumia. Na hapo pia nitakuwa mwangalifu, maana jirani yangu Mhindu anakwenda hekaluni kila wiki, na Yemayá ana watu wanaomwomba leo hii. Siwezi kumfanya anayeombwa asubuhi awe jambazi wa sura ya nne.

Dada Binti Ngamiani, feri inabaki, vita vinaondoka. Umesema kweli.

Utingo Mstaafu

Mimi si msomaji wa riwaya sana, lakini nimekuwa utingo miaka 14 na nina mawili.

La kwanza: lori la shaba la Lubumbashi haliji Mombasa hivihivi. Shaba ya Katanga inatoka Kasumbalesa, inakatiza Zambia, inaingia Tunduma na kushuka bandari ya Dar. Mombasa tunabeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Kongo ya Goma na Bunia. Huyo mwanamke wa maji ukitaka afike Mombasa, mshushe Dar kwanza, apande basi la pwani, apite Tanga, avuke mpaka Horohoro. Atafika Likoni akitokea kusini, na feri ataipanda. Hapo hata sababu ya feri umeipata bure.

La pili ni zito. Seyyid Baghali. Wewe umemweka kama mhusika. Mimi nimesimama pale Mackinnon Road usiku zaidi ya mara naweza kuhesabu. Wazee walitueleza kwamba alikuwa msimamizi wa vibarua kutoka Punjab enzi za kujenga reli, na akibeba karai la kokoto, karai linaelea juu ya kichwa chake halimgusi. Kaburi lake liko pale kando ya njia, na msikiti. Madereva wa dini zote husimama. Dereva wangu wa kwanza alikuwa Mkristo wa Machakos na hakupita hata siku moja bila kushuka. Siku ambayo breki zilitukatikia kwenye mteremko tukapona, alirudi siku ya tatu akiwa na sukari na majani ya chai ya msikiti.

Sasa wewe unamtoa kaburini, unamtembeza mjini, unamtia maneno mdomoni. Mimi nisingependa. Mwache alale. Andika sisi tunaosimama.

Kalamu Kavu

Utingo ameandika mstari bora kuliko yote humu.

Naongeza la lugha. Tunapoandika fantasia kwa Kiswahili tunakimbilia kutafsiri, "mnyonya damu" kwa mfano. Neno tunalo tayari: mumiani. Ukimtaja mumiani kwa mtu mzima wa Mombasa au Dar hahitaji maelezo. Wazee waliamini kuna watu wanaokamatwa usiku wanyonywe damu ikatengenezwe dawa, na Nairobi na Kampala lawama ikawaangukia wazimamoto na magari yao mekundu, kiasi kwamba neno "wazimamoto" lenyewe likawa na maana hiyo. Na asili ya jina? Ni neno la Kiajemi la dawa nyeusi kama lami, lililopita kwa Waarabu na kuangukia maiti zilizokaushwa za Misri. Wazungu wa zamani walisaga maiti hizo wakazinywa kama dawa. Neno moja lina Uajemi, Misri, Ulaya na gari la zimamoto la enzi ya mkoloni. Mleta uzi anatafuta kiumbe wa mataifa mengi wakati anaye mdomoni!

Halafu vitenzi. Pepo hupanda, huketi, hupungwa. Ukiandika "alimilikiwa na roho", msomaji anasikia mahubiri ya tafsiri. Andika "amepandwa", mwili wote unaelewa.

Mwana-Lubumbashi

Miye nasoma kutoka Lubumbashi, asante kwa kututaja. Mamba Muntu kwetu alikuwa ukutani. Wachoraji wa mji waliuza picha yake na watu wakaitundika sebuleni, wazazi wetu wa miaka ya 1970 wote wanaijua: juu mwanamke mwenye nywele ndefu, chini samaki, na nyoka. Mwanamume akipata unywele wake, atamjia katika ndoto kuuomba, na hapo utajiri unaanza kwa masharti. Kwa hiyo deni unalolisema analo, tena ni deni la siri, hata mke haambiwi.

Na asili yake nayo ina safari. Picha ya mwanamke mwenye nyoka iliyosambaa Afrika Magharibi kama Mami Wata ilichapwa Hamburg miaka ya 1880, ya mchezesha nyoka wa maonyesho. Mwaka 1955 ikachapwa upya Bombay kwa soko la Afrika. Mjerumani alichapa, Mhindi akarudia, Mwafrika akamtambua: huyu namjua, anakaa kwenye mto wetu. Miye naomba katika riwaya awe anabeba picha yake mwenyewe, iliyokunjwa, na asikubali kamwe kwamba ilichorwa na mtu.

Mtoto wa Rabai

Nimengoja nione kama kuna atakayesema kuhusu kigango. Naona ni mimi.

Kigango huchongwa kwa ajili ya mzee wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyefariki. Kikishasimikwa hakitolewi. Watu wakihama mji, kigango kinabaki palepale, kinaliwa na mchwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo "kigango kinachotembea mjini" ni kitu ambacho mzee wa Kigiriama hawezi hata kukiwaza. Kutotembea ndiyo maana yake.

Lakini viling'olewa, ni kweli. Viliibwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia majumbani na makumbusho za Marekani. Makumbusho ya Denver ilirudisha 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Familia zinasema kigango kikiibwa, mikosi inaingia mjini: mvua inakosekana, watoto wanaugua. Koma, yaani roho ya marehemu, amekasirika na hajui nyumbani ni wapi.

Ukitaka hofu, mwandike koma aliyesimama wima katika stoo yenye baridi, na namba imebandikwa kifuani. Pembeni yake pana sanamu za mataifa mengine, kila moja inalia kwa lugha yake, na yeye hana wa kuongea naye Kigiriama. Hapo ndipo mchanganyiko wa mataifa ulipo kweli, ndani ya stoo ile. Wale simba wawili wa Tsavo waliosimamisha ujenzi wa daraja la reli mwaka 1898, ambao vibarua walisema ni roho za wakubwa wa zamani waliochukia reli, wako Chicago ndani ya kioo. Nani ataandika usiku wao?

Mswahili wa Sur

Nachangia kutoka Oman, babu zangu walirudi na Kiswahili nyumbani. Huku tunayo zar, ngoma ya kupunga pepo, na mapigo yake wanayajua sana watu wenye asili ya Afrika. Upande wa pili wa maji, Bandar Abbas na Qeshm kwa Waajemi, pepo huitwa kwa neno lenye maana ya upepo, na waliopandwa huitwa watu wa hewa. Pepo, upepo. Nilipogundua hilo nilimpigia mama simu usiku wa manane. Zimo nyimbo za zar zenye maneno ya Kiswahili ambayo mwimbaji hajui tena maana yake, anajua tu kwamba pepo huyu haji bila maneno hayo.

Fikiria mhusika mmoja kwa ajili ya riwaya yako: pepo aliyevuka Bahari ya Hindi na mtumwa, wajukuu wa mtumwa wakasahau lugha, yeye akabaki ndiye Mswahili wa mwisho nyumbani.

Binti Ngamiani

Mswahili wa Sur, nimesoma sentensi yako ya mwisho mara tatu. Mleta uzi, huyo usipomwandika wewe, nitamwandika mimi.

Mwanamaji wa Kilindini (mleta uzi)

Mwandike, dada. Kwa moyo wote. Mimi ninao wa kunitosha.

Wakuu, tangu jana sijalala vizuri. Nimefuta sura nne. Kigango kimerudi kusimama, na sura yake sasa iko stoo, Marekani, kama alivyosema Mtoto wa Rabai. Mamba Muntu anashuka Dar na picha yake imekunjwa kwenye kanga, anapanda basi hadi Likoni. Seyyid Baghali amelala, haonekani wala hasemi neno katika kitabu kizima. Utingo, kipande hiki cha kufungulia riwaya nimekiandika nikikufikiria wewe:

*Dereva alikuwa amechelewa kwa muda wa saa tano. Mzigo ulitakiwa bandarini alfajiri, na simu ya tajiri ilikuwa imeita mara saba tangu Voi. Taa za Mackinnon Road zilipotokea hakupunguza mwendo.*

*"Hatusimami?" utingo aliuliza.*

*"Leo hapana. Atatuelewa."*

*Mama waliyempa lifti Voi alikuwa ameketi katikati yao, kimya, ushungi umemfunika hadi machoni. Utingo alimwona akitetemeka bega moja, kisha la pili. Akafikiri ni baridi. Mama aliinua uso, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya mwanamume aliyezoea kutii amri za nahodha, yenye lafudhi ambayo hakuwahi kuisikia njia yote ya Mombasa.*

*"Simamisha."*

*"Mama, nimechelewa."*

*"Mama yako yuko nyumbani kwake. Mimi ni mtu wa Bukini. Bwana huyu alifika kabla ya lami yako. Si dini yangu wala kabila langu, na kila nikipita humsalimia. Simamisha."*

*Breki zililia. Vumbi likawapita mbele, likaning'inia kwenye mwanga wa taa.*

*Mgeni alivua viatu humo humo ndani. Akaingiza mkono kwenye mkoba wa yule mama, akatoa chupa ya brandi iliyokuwa imefika nusu, akaitazama kwa hamu. Kisha akaiweka chini ya kiti, akaifunika kwa leso ili isionekane kutoka nje, ndipo akashuka.*